Mzizi wa Jino: Lipi Liokolewe, Lipi Ling'olewe

Mwenye kisukari huambiwa na majirani asithubutu kung'oa jino, kidonda hakitapona. Mwenye presha huonywa kwamba sindano ya ganzi itamwangusha. Mjamzito huambiwa avumilie, atatibiwa akishajifungua. Maonyo hayo husikika kwenye mabenchi ya kliniki za meno kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na kila moja lina punje ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi. Lakini yakielekezwa kwenye matibabu ya mzizi wa jino, yaani kulisafisha jino kwa ndani na kuliziba badala ya kuling'oa, maonyo hayo hugeuka miguu juu kichwa chini. Mwili usiostahimili jeraha la kung'oa ndio mara nyingi unaohitaji zaidi jino liokolewe. Vizuizi vya kweli vya matibabu haya hupatikana kwenye jino lenyewe, na katika nchi zetu vingine vimo mfukoni.

Katikati ya jino, chini ya enameli na dentini, kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka kwa mifereji myembamba hadi ncha ya mzizi na kuungana na taya. Kazi yake kubwa ni kulijenga jino linapokua. Bakteria wakishatoboa hadi hapo, kiini huvimba, na hapo ndipo penye balaa. Kidole kikivimba ngozi hutanuka. Kiini kimezungukwa na ukuta mgumu kila upande, hakina pa kutanukia. Mgandamizo hupanda, damu hushindwa kupita, nyama hufa kidogo kidogo. Mgonjwa hukesha. Baada ya siku au majuma maumivu hukatika, naye humshukuru Mungu kwamba jino limepona, kumbe limekufa. Bakteria huendelea kuzaliana ndani ya mifereji ambamo damu haifiki tena, hadi sumu yao ivuje kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa.

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya wa makundi mawili: waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, na panya wa kawaida. Kwa panya wa kawaida viini vilioza na majipu yakafuata. Wale wasio na vijidudu walijenga dentini mpya juu ya jeraha, ingawa mabaki ya chakula yalikuwa yamejaa tele ndani ya matundu. Jaribio hilo dogo ndilo lililomaliza ubishi wa nani adui. Tundu peke yake haliui kiini, wala chakula hakikiui. Bakteria ndio wanaoua, na kila hatua ya matibabu ya mzizi leo hulenga kuwatoa na kuwafungia mlango.

Jino lililotolewa kiini halianguki. Limeshikwa na nyuzi zinazoliunganisha na mfupa, na nyuzi hizo hulishwa na damu kutoka nje ya jino. Mtu mzima anaweza kulitafunia kwa miongo kadhaa.

Kazi yenyewe ni ya milimita. Baada ya ganzi, daktari hulitenga jino kwa kitambaa cha mpira, mbinu iliyobuniwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, ili mate yenye bakteria yasiingie na vifaa vidogo visidondoke kooni. Kisha hutoboa kwa juu na kutafuta midomo ya mifereji. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la kwanza la chini lina mitatu au minne. Gego la kwanza la juu mara nyingi huficha wa nne, mwembamba mno, na kuukosa huo ni sababu mojawapo ya mtu kulalamika kwamba jino lilizibwa na bado linauma. Mifereji husuguliwa kwa vifaa vyembamba viitwavyo faili. Edward Maynard wa Washington alitengeneza cha kwanza mwaka 1838 kwa kunoa springi ya saa. Vya leo vingi ni vya nikeli na titaniamu, hupinda pamoja na mfereji bila kukatika kirahisi. Katikati ya kusugua humiminwa sodiamu hipokloraiti, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik ya kufulia, kwa kuwa huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyokufa kwa mpigo mmoja. Ikipenya nje ya ncha ya mzizi huunguza vibaya, hivyo si dawa ya kuchezewa na mikono isiyofundishwa.

Mwisho mifereji hujazwa gutapacha, utomvu wa mti wa Rasi ya Malaya ambao pwani yetu iliwahi kuujua kwa njia nyingine: waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879 ulikuwa umevikwa gutapacha. Huko Marekani, G. A. Bowman alikuwa ameshaanza kuzibia nayo mizizi mwaka 1867. Karne moja na nusu baadaye waya za bahari zimehamia kwenye plastiki, lakini meno bado hayajapata mbadala wa kuiondoa.

Kwa hiyo nani anahitaji haya yote? Wa kwanza ni yule ambaye kiini chake kimevimba kupita kiwango cha kurudi. Dalili zake hazifichiki sana. Maji baridi au chai ya moto huamsha maumivu yanayobaki muda mrefu baada ya kumeza. Maumivu huja yenyewe bila kuguswa. Usiku huzidi, hasa mtu akilala chali, na mara nyingine mgonjwa hawezi hata kuonyesha ni jino lipi. Wa pili ni mwenye jino lililokwisha kufa: halisikii baridi tena, limebadilika rangi, linauma likigongwa, au fizi yake imetoa kijipele kinachotema usaha, kikikauka na kurudi. Kijipele hicho huwadanganya wengi kwa kuwa hakiumi. Usaha umeshapata mlango wa kutokea, basi.

Kundi la tatu huletwa na ajali. Ongezeko la bodaboda limewaletea madaktari wa meno wa miji yetu vijana wengi waliovunjika meno ya mbele. Jino lililovunjika hadi kiini kikaonekana huweza kuhitaji matibabu ya mzizi, na lile lililong'oka lote likarudishwa mahali pake karibu lazima liyapate kama mzizi wake umekwisha kukomaa. Miongozo ya kimataifa ya majeraha ya meno hutaka kazi hiyo ianze ndani ya wiki mbili. Jino la namna hiyo libebwe ndani ya maziwa, lishikwe upande wa kutafunia, na lisisuguliwe mzizi. Wako pia wenye meno yaliyowahi kuzibwa mizizi yakaugua upya. Hayo yanaweza kufunguliwa na kusafishwa tena, au ncha ya mzizi ikakatwa kwa upasuaji mdogo kupitia fizi.

Ambaye hayumo katika orodha hiyo ni anayetafuta vidonge. Duka la dawa humpa mwenye jino antibayotiki za rangi mbili naye huondoka akiwa na matumaini. Kiini kilichovimba bila homa wala uvimbe wa uso hakiponi kwa antibayotiki, na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 wa kuwazuia madaktari wasiziandike kwa hali hiyo. Dawa husafiri kwa damu, na damu haiingii kwenye mfereji uliokufa. Kazi yake huanza pale uambukizo unapotoka nje ya jino: uso ukivimba, homa ikipanda, mdomo ukigoma kufunguka. Uvimbe ukishuka chini ya taya pande zote mbili na ulimi ukanyanyuka, hiyo ni dharura ya kuzibika njia ya hewa. Hapo kliniki ya meno ipitwe, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa.

Mpaka wa upande wa pili, yaani jino ambalo bado halijafika huko, umekuwa ukisogea. Jino linaloshtuka kwa baridi sekunde chache kisha likatulia halihitaji kufunguliwa mzizi. Linahitaji kuzibwa tundu, tena mapema. Tanzania ina sehemu yake katika historia hii. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzia Dar es Salaam mbinu ya kukwangua tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kutobolea, na kuliziba kwa saruji, ambayo baadaye ikawa ya glasi-ayonoma inayotoa floridi. Mbinu hiyo ilisambaa duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kila tundu linalozibwa hivyo kwenye shule ya kijijini ni mzizi mmoja ambao hautafunguliwa miaka kumi baadaye. Ni jambo la kusikitisha kwamba shule nyingi za nchi ilikozaliwa bado hazijawahi kuiona.

Hata kiini kilichokwisha kuvimba hakihukumiwi kifo kwa haraka kama zamani. Jumuiya ya Ulaya ya Endodontia, yaani tiba ya mizizi ya meno, mwaka 2019, na wenzao wa Marekani mwaka 2021, walikubali kwamba katika baadhi ya meno ya watu wazima inatosha kukata sehemu ya juu iliyoharibika, kusimamisha damu, na kufunika kilichobaki kwa saruji maalumu. Saruji maarufu kati ya hizo ilibuniwa na Mahmoud Torabinejad wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa watoto njia hiyo ni bora zaidi kuliko kung'ang'ania mfereji. Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hulidhani la utotoni nalo, lije ling'oke lenyewe. Mzizi wake huchukua takriban miaka mitatu zaidi kufunga ncha. Kulitoa kiini kabla ya hapo ni kuuacha mzizi na kuta nyembamba zisizoongezeka tena, unaovunjika kwa urahisi ukubwani.

Sasa vizuizi. Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni jino lisiloweza kujengwa tena juu. Mfereji waweza kusafishwa kwa ustadi wa hali ya juu, lakini kama ukuta wa jino umebaki sawasawa na fizi au chini ya mfupa, krauni, kofia ngumu ya kulivika jino, haina pa kushika. Madaktari hutafuta angalau milimita 1.5 hadi 2 za jino zima kuzunguka pande zote juu ya fizi. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa kwa kigezo hiki kimoja: wanaomba mzizi utibiwe wakati kilichobaki ni mzizi mtupu. Daktari mwaminifu huwaambia ukweli huo kabla ya kuchoma ganzi. Yule anayechukua fedha, akaziba mifereji, kisha akafunika kwa saruji ya muda anajua mwenyewe anachofanya.

Kizuizi kingine ni ufa wa wima kwenye mzizi, ambao kwa jino la mzizi mmoja ni hukumu isiyo na rufaa. Fizi na mfupa vikiwa vimeliwa hadi jino linayumba kila upande, kusafisha ndani yake ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi. Jino la mwisho la utu uzima lisilo na mwenzake wa kutafuna naye pia halistahili saa mbili za kazi, ila kama litakuja kubeba meno ya bandia. Mdomo usiofunguka vya kutosha kuingiza kifaa, mfereji uliojifunga kabisa, mzizi ulioliwa kutoka ndani hadi ukatoboka: hivi hutegemea sana mkono wa daktari na vifaa alivyonavyo. Kinachoshindikana katika kituo cha wilaya chaweza kuwezekana kwa mtaalamu mwenye hadubini, hivyo rufaa ije kabla ya koleo.

Kuhusu mwili, orodha ni fupi. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya miezi sita iliyopita husogezewa tarehe na kupewa huduma ya kutuliza maumivu tu. Presha iliyozidi 180 kwa 110 ishushwe kwanza. Hapo onyo la majirani lina haki, ila kwa namba hiyo, si kwa kila mwenye presha. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona polepole kwenye ncha ya mzizi, lakini jipu la jino nalo hupandisha sukari, kwa hiyo kumwacha na uchafu mdomoni hakumsaidii. Mjamzito hutibiwa, na miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Eksirei moja ya jino, akivikwa aproni ya risasi, haina hatari ya kulinganishwa na uambukizo unaosambaa. Mwenye valvu bandia ya moyo, au aliyewahi kuugua uambukizo wa utando wa ndani ya moyo, humeza antibayotiki ya kinga kabla ya kuanza. Kuwa na VVU peke yake hakumzuii mtu.

Halafu kuna wale ambao kwao kizuizi chenyewe kiko upande wa kung'oa. Mgonjwa wa hemofilia aweza kutokwa damu kwa siku kadhaa kwenye pengo la jino, wakati ndani ya mfereji damu haimwagiki kiasi hicho. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hutibiwa mzizi bila kuziacha. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni, kama wagonjwa wengi wanaopita Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ana taya lenye damu haba. Aking'olewa jino mfupa wake waweza kufa na kubaki wazi kwa miaka. Hatari kama hiyo huwakabili wanaochomwa dawa za bisifosifoneti kwa ajili ya saratani iliyofika mifupani. Kwa watu hawa hata mzizi mtupu huzibwa ukaachwa umo ndani, bila krauni, ili tu taya lisiguswe. Mgonjwa wa selimundu yuko katika fungu la pekee. Seli zake zenye umbo la mundu zaweza kuziba mishipa midogo ya kiini hadi jino zima lisilo na tundu likafa, na uambukizo wake ukaachwa waweza kumwamshia maumivu makali ya mwili mzima.

Hofu kwamba jino lililotibiwa mzizi hutia sumu mwilini nayo ina tarehe yake. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza William Hunter alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akilaumu meno yaliyojengewa madini juu ya uozo kwamba ndiyo chanzo cha maradhi mengi. Weston Price wa Marekani akaendeleza hoja hiyo kwa majaribio ya kupandikiza meno kwa sungura, na kwa zaidi ya miaka ishirini meno mengi mazima yaling'olewa kutibu baridi yabisi na hata wazimu. Wagonjwa hawakupona. Utafiti wa baadaye uliokuwa na vidhibiti bora haukuthibitisha majaribio ya Price, na mwaka 1963 Marekani ikaitambua endodontia kuwa ubingwa rasmi. Video zinazozunguka WhatsApp leo zinarudia Price bila kusema alishajibiwa.

Kinachobaki ni gharama, na hapa uchambuzi wa kitabibu hauna budi kushuka hadi kwenye pochi. Kung'oa huchukua muda mfupi na bei yake watu wengi huimudu. Mzizi huhitaji ziara moja hadi tatu, picha kadhaa, na bei mara kadhaa ya ile ya kung'oa, kabla hata krauni haijatajwa. Madaktari nao ni wachache: takwimu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2014 hadi 2019 zilionyesha madaktari wa meno takriban 3.3 kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Msemo kwamba dawa ya jino ni kung'oa ulizaliwa katika uhaba huo, na mahali penye tabibu mmoja na koleo bado ni ushauri wa haki.

Hasara kubwa humpata aliyeanza asimalize. Ziara ya kwanza huondoa kiini, maumivu hukoma, nauli ya kurudi hupata matumizi mengine. Saruji ya muda huliwa, mate huingia, na miezi sita baadaye jino lililokuwa la kuokolewa linapasuka wakati wa kula mahindi ya kuchoma. Mwaka 2004 Salehrabi na Rotstein walichambua rekodi za bima za Marekani za meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi: asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka minane. Katika yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na krauni. Idadi hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Gego lililotobolewa juu lina kuta dhaifu, na bila kuvikwa hugawanyika kwa nguvu za kutafuna. Bima inayolipia mifereji ikaacha krauni inalipia nusu ya tiba.

Anayeketi kwenye kiti cha meno wiki hii aombe picha ya eksirei hadi ncha ya mzizi, kisha aulize mambo mawili kabla ya sindano: je, jino hili lina ukuta wa kutosha kushika krauni, na gharama yote hadi siku ya krauni ni kiasi gani? Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo na la pili likiwezekana, mzizi utibiwe hata kama ana kisukari, presha iliyodhibitiwa au mimba ya miezi mitano. Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, na taya lake halijapigwa mionzi, hachomwi bisifosifoneti, wala damu yake haina tatizo la kuganda, ling'olewe siku hiyohiyo.